Wakikuuliza "una swali?" usikimbilie mlango

Kwa Mhariri,

Nipe nafasi kidogo kwa gazeti lako niongee na hawa vijana wanaotafuta kazi, na nikimalizana nao niseme kitu kwa wale wanaowaita. Mimi nilikuwa sekretari wa shule huku Nakuru miaka mingi na siku ya intavyu kazi yangu ilikuwa kuita majina, kukusanya makaratasi na kukaa pale kwa kona naandika yanayosemwa. Walimu wa BOM (wale wanaoajiriwa na bodi ya shule), wahasibu, watu wa maabara, wapishi, wote nimewaona wakiingia na nimewaona wakitoka. Kuingia siku hizi kila mtu amefunzwa, salimia, keti wima, jieleze. Ni kutoka ndio shida.

Kitu wengi hawajui ni kwamba ile karatasi ya maksi mara nyingi haijazwi ikaisha ukiwa bado umekaa hapo. Wanaweka alama kwa penseli pole pole, halafu ukifunga mlango ndio wanaangaliana, mmoja anauliza, "Na huyu je?" Sasa kama umetoka kama mtu anakimbia mvua, hicho ndicho kitu cha mwisho wako nacho kichwani.

Mwenyekiti akisema "Haya, na wewe una swali lolote kwetu?" wengi wanajibu "Hapana, asanteni" halafu wanashika mlango. Enyewe nawaelewa, umekaa kwa veranda tangu asubuhi, koo limekauka, unataka tu iishe. Lakini hilo swali wanakupa nafasi uonyeshe kama hii kazi umeifikiria ama unatafuta tu mahali pa kuingia. Kuna msichana mmoja alikuja kuomba kufundisha kemia, akaulizwa kama ana swali, akasema ndiyo, ningependa kujua mwalimu aliyeondoka aliwaacha Kidato cha Tatu wapi kwa silabasi, na kama wamefanya praktiko zozote muhula huu. Mwalimu mkuu alisahau kabisa kwamba yeye ndiye anahoji, akaanza kueleza, mara maabara haina gesi, mara wanafunzi hawajawahi kushika bureti, anaonyesha na kidole dirishani, ikawa ni kama huyo msichana ashaajiriwa na wako kwa staffroom. Hakuuliza kitu cha ajabu, aliuliza kazi.

Kwa hivyo beba swali moja ama mawili ya kazi yenyewe. Usianze na ofu ni siku gani na mshahara unaingia tarehe ngapi, hayo yana wakati wake ukishaambiwa umepata. Lakini wakikuuliza wao wenyewe unataka kiasi gani, tafadhali usiseme "chochote tu mtakachonipa". Mtu akisema chochote kuna mwanapaneli atatabasamu na akupangie hiyo chochote. Uliza kabla uje, walimu wa shule jirani watakuambia, pesa ya BOM inajulikana si nyingi, basi sema kutoka hapa hadi hapa na uongeze kwamba mnaweza kuongea.

Mambo mawili ya kuacha nyumbani. La kwanza ni kulia shida. Najua shida ziko, wengine wanalea wadogo zao, wengine wamekopa nauli kutoka Subukia ama Molo kufika hapo, lakini ukimaliza na "naomba mnisaidie tu, nimeteseka" paneli inanyamaza, wanaona aibu, na kwa ile karatasi hakuna laini ya huruma. La pili ni lile neno "mkinipa sitawasahau". Wengine wanalisema kwa heshima tu, kama asante, lakini linasikika vingine, na Sheria ya Hongo ya 2016 inashika anayetoa na anayepokea, hata kuahidi tu ni makosa. Mwenyekiti akiwa mtu safi umejimaliza, akiwa si msafi pia umejiingiza.

Mwisho kabisa sema kitu kifupi kama hiki: "Asanteni kwa kunisikiliza. Hii kazi naitaka na niko tayari kuanza mkiniita. Naomba kujua majibu yatatoka lini na nikitaka kuuliza nimuone nani." Hapo umeshukuru, umesema unaitaka na umejua tarehe. Watu wazima hawachukii kuulizwa tarehe. Kisha kusanya vyeti vyako vyote, orijino zako uzihesabu palepale, maana kurudi kubisha "samahani nimesahau faili" mwingine akiwa ashaketi kunaharibu yote. Mkono wanyooshe wao kwanza. Na ukifika nje usianze kupiga simu hapo kwa veranda, dirisha la ofisi liko wazi, kuna kijana tulimsikia sisi wote akiambia mwenzake "wananiuliza maswali ya ujinga", na alikuwa amejibu vizuri sana.

Halafu acha simu ikiwa na chaji. Mimi ndiye nilikuwa napiga hizo simu, na unajua kitu inauma ni kupigia mtu wa kwanza kwa listi unasikia "mteja hapatikani kwa sasa", unapiga jioni, bado, basi mkuu anasema enda kwa wa pili. Weka namba mbili kwa sivi, ya pili iwe ya mtu ambaye kweli atakuambia. Jioni hiyo ama kesho yake tuma meseji moja ya asante, fupi, yenye jina lako na kazi uliyoomba. Moja! Usimpigie mwenyekiti saa tatu usiku.

Sasa kwenu mnaohoji. "Tutakupigia" si jibu. Mtu ametoka Kisumu, amelipa matatu kuja na kurudi, anarudi kukaa na simu mkononi wiki mbili anaogopa hata kukubali kibarua cha soko la Kibuye huko kwao, na nyinyi mlishachukua mtu siku ileile. Semeni tarehe, na waliokosa watumieni meseji, hata kama ni watu kumi hiyo pesa haifiki bei ya soda za paneli.

Na hii tabia ya kumaliza intavyu na "lete cheti cha tabia njema, cha HELB (mkopo wa masomo), cha CRB (madeni), cha KRA (kodi), cha EACC (maadili)" mkiambia watu wote walioitwa, iacheni. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022, mwajiri haruhusiwi kuitisha hivyo vyeti kama hana nia ya kumwandikia huyo mtu mkataba. Vijana, mkiambiwa hivyo ulizeni kwa upole, "vinatakiwa sasa ama nikishapewa barua ya kazi?" Mimi nimeona faili kabatini zimejaa vyeti vya polisi vya watu ambao hawakupigiwa hata siku moja, na kila kimoja mtu alikilipia.

Sekretari mstaafu,
Lanet, Nakuru