Acheni kutusomea ukutani: barua ya wazi kwa maafisa ugani vijana wa Nyanda za Juu Kusini

Wanangu,

Ugonile kwa mlioko Rungwe na Kyela, kamwene kwa wa Iringa, Mufindi na Njombe. Wa Mbozi na Ileje sijawasahau. Ubwana shamba nimestaafu, lakini bado naalikwa kwenye semina, vikao vya kata na mafunzo ya wakulima, na huko hukaa viti vya nyuma pamoja na wazee wenzangu. Kutoka viti vile slaidi zenu hazisomeki. Na zile zinazosomeka mnatusomea wenyewe neno kwa neno, huku mmetupa mgongo.

Sisemi hamjui kazi. Mnayajua magonjwa na mbegu ambazo sisi hatukuzisikia mpaka tunakabidhi ofisi. Ninachosema ni kwamba elimu hiyo inaishia ukutani. Mkulima ametembea toka asubuhi kuja kuwasikiliza, anaondoka na soda na posho ya nauli, basi.

Enzi zetu tulikuwa na bango kitita, yale makaratasi makubwa ya kufunua moja baada ya jingine, na kalamu ya wino mzito. Mkono ulichoka na karatasi zilikuwa za kugombania, kwa hiyo ukiandika mistari mitano umejitahidi. Yaliyobaki uliyasema kwa mdomo, ukiwatazama watu usoni. Kompyuta imeuondoa ule uchovu wa mkono. Leo mtu anakopi ripoti ya robo mwaka kutoka Word, anaibandika kwenye slaidi, herufi zinajipunguza zenyewe mpaka zienee, na yeye anaona kazi imekwisha. Herufi zikianza kujipunguza, jueni programu inawaambia mmezidisha. Gawa slaidi hiyo iwe mbili, au futa nusu. Mimi ningefuta.

PowerPoint yenyewe, hiyo programu mnayotengenezea slaidi, haikuundwa kubeba ripoti. Ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, kazi ya akina Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ndogo iliyoitwa Forethought, na mwaka huohuo Microsoft wakainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Toleo la kwanza lilikuwa la rangi nyeusi na nyeupe, la kuandalia zile karatasi angavu za plastiki ambazo baadhi yetu tulizitumia vyuoni, unaiweka juu ya mashine yenye taa na kivuli chake kinaonekana ukutani. Ilikuwa msaidizi wa msemaji tangu mwanzo.

Msidhani nazungumzia urembo. Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilipokuwa kinarushwa, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi na kulipiga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwasilisha tathmini yao kwa slaidi. Slaidi moja ilikuwa na kichwa cha habari cha kutuliza, halafu hoja zilizotanguliwa na nukta, chini yake nukta ndogo, chini yake nyingine ndogo zaidi. Huko chini kabisa ndiko lilikoandikwa jambo lenyewe: kipande kilichopiga kilikuwa na ujazo wa inchi 1,920 za ujazo, na vilivyowahi kujaribiwa vilikuwa vya inchi 3. Yaani mara 640. Februari 1 chombo kilisambaratika kikirudi duniani, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Tume ya uchunguzi haikusema slaidi ndiyo iliyowaua, na mimi sisemi hivyo. Ila iliinukuu hoja ya Edward Tufte, profesa aliyeichambua slaidi ile, na ikaandika wazi kwamba kiongozi wa ngazi ya juu angeweza kuisoma bila kutambua kuwa inazungumzia hatari ya maisha. Sasa nikiona "changamoto: upungufu wa mbegu bora" imejificha nukta ya tisa, herufi ndogo, mbele ya mkurugenzi anayechezea simu, nakumbuka ile 640.

Tuje shambani. Kuna slaidi nimeiona kwenye ukumbi wa kata moja, sitaitaja. Juu imeandikwa "Kanuni Bora za Kilimo cha Mahindi". Chini yake kila kitu, kuanzia kuandaa shamba hadi kuhifadhi ghalani, na pembeni picha ya hindi iliyovutwa upande mpaka limekuwa kama boga. Mimi ningechukua jambo moja tu humo, nafasi ya kupandia, nikalipa slaidi yake. Kichwa cha habari kisiwe jina la mada, kiwe sentensi yenye kusema jambo: "Panda sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo". Chini yake mchoro, basi. Mistari miwili ya vidoa vya kijani, mshale wa 75 kati ya mstari na mstari, mshale wa 30 kati ya shimo na shimo.

Mchoro huo hauhitaji fundi. Nenda Insert, kisha Shapes, chora duara dogo moja. Bonyeza Ctrl na D, inakuja nakala. Isogeze mahali pake. Bonyeza tena Ctrl na D, na tena, na vinavyofuata vitajipanga kwa umbali uleule, kama mnavyopanda kwa kamba. Ukitaka kuhakikisha havijapinda, vichague vyote, ingia Align, vilinganishe juu, halafu visambaze sawasawa. Dakika tano. Kisha chini kabisa weka hesabu: nafasi hiyo inakupa mimea 44,444 kwa hekta, au kama 18,000 kwa ekari. Hapo lazima mtu atanyoosha mkono aulize, je, nikiweka mbegu mbili? Utamjibu 75 kwa 60, na idadi ni ileile. Ukumbi umeshaamka.

Na hizo hesabu, jamani, zisemeni kwa kipimo cha msikilizaji. Mkulima wa Isimani hajawahi kuvuna "tani kwa hekta". Yeye anavuna magunia kwa ekari. Tani 2 kwa hekta ni karibu magunia 8 ya kilo 100 kwa ekari, andikeni 8. Zile tani zibaki kwenye ripoti ya wilaya. Hali kadhalika Kiingereza.

Picha ndiyo nguvu yenu kubwa kuliko zote, na ndiyo mnayoitumia vibaya kuliko zote. Binti mmoja katika kundi lenu, wa Njombe, alitufundisha viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini mwaka 2017. Slaidi yake haikuwa na maandishi hata mstari. Ilikuwa picha moja ya kiwavi iliyojaza ukuta mzima, ameipiga mwenyewe kwa simu katika shamba la jirani. Akabonyeza, likatokea duara jekundu kichwani pa kiwavi, kwenye ile alama ya Y iliyopinduliwa. Akabonyeza tena, likatokea la pili karibu na mkia, kwenye madoa manne yaliyokaa mraba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nani amewahi kumwona huyu?" Mikono ikajaa. Mzee aliyekaa kando yangu, ambaye siku zote husinzia kabla ya chai, alisimama kabisa.

Angalieni alichokifanya pale. Picha aliikata kwa Crop ili kiwavi abaki peke yake, bila kidole cha mtu na mfuko wa mbolea nyuma. Aliikuza kwa kuvuta kona, si ubavu, ndiyo maana haikupinda. Yale maduara aliyapa uhuishaji wa aina moja tu, ule wa kutokea papo hapo, unaoitwa Appear. Hakukuwa na kuruka wala kuzunguka. Uhuishaji una maana pale unapomwongoza mtu atazame nini kwanza na nini baadaye. Ukiishia kuchezesha herufi, zima. Tena picha za simu ni nzito, slaidi ishirini zinaweza kukataa kwenda kwa barua pepe. Ipo amri ya Compress Pictures, itumieni kabla ya kumaliza bando la watu.

Rangi nitapita haraka. Ukumbi wa kata hauna mapazia, na projekta haina taa nyeusi: panapotakiwa weusi haitoi mwanga, kwa hiyo weusi wenu unakuwa rangi ya ukuta ulivyo. Mchana wenye jua tumieni mandhari nyeupe na herufi nyeusi, nene, za ukubwa wa 28 kwenda juu. Ile bluu iliyoiva yenye maandishi ya njano iachieni kumbi za hoteli. Kabla watu hawajaingia, washa slaidi yako yenye maandishi mengi kuliko zote, nenda ukasimame ukuta wa nyuma. Huwezi kusoma? Na mimi sitaweza.

Nembo ya halmashauri, rangi na fonti, msiziweke slaidi moja moja. Ingieni View, kisha Slide Master, wekeni mara moja pale, slaidi zote zitafuata. Mkishatengeneza moja nzuri, gawaneni wilaya nzima, msihangaike kila mtu kivyake. Asiye na programu ya kununua achukue LibreOffice, ni bure kihalali, na Impress, programu yake ya slaidi, inafungua faili za PowerPoint. Afadhali hiyo kuliko nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi na virusi vyake.

Kuna vitufe viwili vitakavyobadilisha namna mnavyosimama mbele za watu. Cha kwanza ni B. Slaidi zikiwa zinaonyeshwa, ukikibonyeza ukuta unakuwa mweusi na macho yote yanarudi kwako. Bonyeza tena, slaidi inarudi. Mjadala ukipamba moto, B. Mvua ya Tukuyu ikianza kupiga bati na huwezi kusikika, acha picha iendelee kusema, usikibonyeze. Cha pili ni Alt pamoja na F5, kinachofungua Presenter View: ukutani watu wanaona slaidi peke yake, wewe kwenye laptopu unaona maelezo yako, slaidi inayofuata na saa. Ule utenzi wote mnaoujaza kwenye slaidi, mahali pake ni kwenye Notes, sehemu ya maelezo iliyo chini ya slaidi. Hakuna atakayejua mnachungulia.

Laptopu ya kuazima haina fonti zenu, na video mliyoiunganisha inabaki nyumbani. Bebeni nakala ya PDF kwenye flashi. Umeme nao mnaujua, kwa hiyo bango kitita liwemo kwenye gari, na ule mchoro wa mahindi uwe umeshachorwa.

Nane Nane haiko mbali. Pale viwanja vya John Mwakangale mabanda mengi huweka skrini inayosubiri mtu aje kubonyeza, na mtu huyo kaenda kula. Ingieni Slide Show, kisha Set Up Slide Show, chagueni ijirudie mpaka Esc, halafu kwenye Transitions wekeni kila slaidi ibadilike baada ya sekunde 10. Picha sita zinatosha, kila moja na sentensi moja. Nitapita banda kwa banda, na miwani nitaiacha nyumbani.

Mzee wenu,
Bwana shamba mstaafu,
Uyole, Mbeya