Barua kwa Bakari: Kent kaingia, Lou kaachwa

Dearborn, Michigan
11 Desemba 2025

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Habari za Tanga? Mama hajambo? Mwanaidi na watoto wazima? Sisi huku tunamshukuru Mungu, baridi tu ndiyo inatutia adabu. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na wewe umekaa kimya vilevile, kwa hiyo tusidaiane. Ningeendelea kunyamaza mpaka Ramadhani kama si ile sauti ya Rashidi. Umeisikia? Anacheka mwanzo hadi mwisho, maneno yenyewe manne tu: "Mwambieni Hamisi, Kent kaingia."

Jeff Kent, Bakari! Jumapili kamati ya watu 16 ya Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli imekaa, ikapiga kura, 14 kati yao wakamtaja yeye. Julai atasimama Cooperstown, ulipo huo Ukumbi, wamkabidhi bamba lake la shaba. Sina ugomvi na Kent. Homurani, ile mipira inayopigwa ikatoka nje ya uwanja, 377, na 351 kati ya hizo kazipiga akiwa mchezaji wa besi ya pili, hakuna wa nafasi hiyo aliyewahi kumfikia. Mwaka 2000 alikuwa Mchezaji Bora wa ligi yake. Wamtie, sawa. Ila nieleze mimi: kama mlango wa besi ya pili umefunguliwa, Lou Whitaker wa Tigers wetu wa Detroit yuko wapi? Simaanishi kwamba kakosa kura. Hata kwenye karatasi jina lake halikuwemo. Wale waandishi wanaochagua majina manane ya kupelekwa kwenye kamati hawakumwona, na mwaka 2022 pia hawakumwona.

Nilikuwa kwa Mzee Curtis matokeo yalipotoka. Hakusema kitu. Alizima televisheni, akajiinua kwa ile fimbo yake, akaenda jikoni kujipashia supu ya maharage. Baadaye sana ndipo akauliza, "Na yule kijana wa Tanga anasemaje?" Yaani wewe. Bado anakukumbuka kama mtu aliyekuwa akimtetea Barry Bonds ndani ya nyumba yake bila haya.

Tulimalize hilo la Bonds kwanza, maana najua ndilo utakalolianza. Safari hii Bonds hakupata hata kura tano. Roger Clemens, yule mrushaji, vilevile. Na sheria mpya inasema asiyefikisha tano anakaa nje duru nzima inayofuata, kwa hiyo asitarajie kitu kabla ya 2031, na akirudia kukosa ndiyo basi tena, jina linafutwa. Homurani 762, Mchezaji Bora mara saba, halafu hata kura tano! Unajua msimamo wangu kuhusu dawa za kusisimua misuli wanazotuhumiwa kutumia, haujabadilika. Lakini hapa nitakupa nusu ya hoja yako, usiisambaze kwa Rashidi: Bud Selig, aliyekuwa bosi wa ligi nzima miaka hiyohiyo ambayo misuli ilikuwa ikifura mbele ya macho ya kila mtu, yeye yumo ndani tangu 2017. Bosi kapewa bamba, mpigaji kafungiwa mlango. Hapo hata mimi nashindwa kuwatetea. Na utamu zaidi, Kent na Bonds walikuwa timu moja San Francisco na hawakupatana hata kidogo, 2002 walisukumana mbele ya kamera. Leo Kent anaingia siku ileile Bonds anapofungiwa. Hayo ukiyatunga watu watasema umezidisha chumvi.

Tumrudie Lou.

Nimekaa na hesabu zake juzi baada ya kutoka kazini, badala ya kulala. Shemeji yako akanikuta mezani saa kumi na moja alfajiri akadhani napiga hesabu za kodi. Misimu 19, yote Detroit, kuanzia 1977 hadi 1995. Hiti, yaani kuupiga mpira akafika besi salama, 2,369. Homurani 244. Kupewa besi ya bure kwa kuwa na subira, 1,197. Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, mara tatu mfululizo. Ubingwa wa 1984. Na kile kipimo cha WAR, kinachokadiria mchezaji kaiongezea timu yake ushindi mara ngapi kuliko ambavyo mchezaji wa akiba angefanya, ambacho wewe hukiamini mpaka kikusaidie, kinampa 75 na ushei. Ryne Sandberg, ambaye kila mtu anamtaja mtu akisema besi ya pili, ana 68. Derek Jeter mwenyewe, mfalme wa New York, aliyekosa kura moja tu kati ya 397, ana 71. Kent hafiki hata 56. Sasa nani anamdanganya nani?

Kilichomponza Lou ni mwaka 2001. Asilimia 5, Bakari. Mtu anayepigiwa kura na waandishi wa besiboli, ile kura inayotangulia kabla ya kamati, akishindwa kufikisha asilimia 5 anatolewa kwenye orodha palepale, mwaka wake wa kwanza. Lou alipata kura 15 kati ya 515. Kumi na moja zaidi zingemwokoa, angekaa kwenye orodha, watu wangepata muda wa kumwangalia vizuri. Wapo walioanza vibaya wakapanda taratibu miaka na miaka mpaka wakaingia. Yeye hakupewa hata mwaka wa pili. Mtu anaweza kufanya kazi miaka 19 bila makelele halafu ukumbi ukamfungia mchana mmoja, kwa sababu siku hiyo waandishi walikuwa na majina mengine kichwani. Kenny Lofton yalimkuta hayohayo 2013.

Unaweza kuniambia kamati zipo kwa ajili ya kusahihisha mambo kama hayo. Zipo, ndiyo. Desemba 2019 walimweka Lou mezani, akapata 6 kati ya 16, na zinatakiwa 12. Mwaka mmoja tu kabla, kamati ya namna hiyohiyo ilimwingiza Harold Baines. Baines! Waandishi hawakuwahi kumpa zaidi ya asilimia 6 na kidogo, WAR yake haifiki 39. Ila ndani ya chumba alikuwemo Tony La Russa aliyekuwa kocha wake, na Jerry Reinsdorf mwenye timu aliyoichezea. Simtukani Baines, mtu mpole, alipiga mpira vizuri miaka mingi. Nasema tu kwamba aliyekuwa na jamaa zake mezani aliingia, na asiyekuwa nao alibaki kwake anasikia habari. Kwetu jambo hilo tunalijua jina lake na hatuhitaji kwenda Cooperstown kulisoma.

Na kinachomuuma Mzee Curtis kuliko chote ni Alan Trammell. Yeye na Lou walianza siku moja, Septemba 1977, pale Fenway Park. Wakacheza pamoja mechi 1,918, mmoja besi ya pili, mwenzake kando yake, mpira unatoka mkono huu unaingia ule kabla mkimbiaji hajajua kakatwa. Hakuna wawili wa nafasi hizo waliocheza pamoja zaidi yao katika American League. Trammell kaingia 2018, na siku ile alisema mbele ya umati wote kwamba anatarajia siku moja Lou naye atasimama pale. Lou alikuwa amekaa chini anamsikiliza. Sasa unamwingizaje mmoja? Curtis anasema Tiger Stadium Lou akienda kupiga watu walikuwa wanavuta jina lake, "Luuuuu", uwanja mzima, mgeni akidhani wanamzomea. Anaiga mwenyewe pale kwenye kiti mpaka mbwa wa jirani anabweka.

Halafu ile hadithi ya jezi. Uliwahi kuisikia au ulikuwa umeshaondoka? Mwaka 1985, mechi ya nyota wote, Minneapolis. Lou kafika, kafungua begi, jezi hamna. Kaisahau kwenye gari nyumbani. Basi wakanunua jezi ya kuigiza inayouzwa kwa mashabiki palepale uwanjani, haina hata namba, wakamchorea "1" mgongoni kwa kalamu ya wino mzito. Akaingia uwanjani hivyohivyo, taifa zima linatazama, namba imepinda kidogo. Na hiyo jezi imehifadhiwa leo Smithsonian, Washington! Jezi iko makumbusho ya taifa, mwenye jezi Cooperstown hawamtaki. Curtis akifika hapo anacheka mpaka anakohoa, halafu cheko linakatika ghafla anaanza kuwatukana waandishi, mmoja mmoja.

Kuhusu Pete Rose sitaki kubishana kwa barua, tutajaza daftari. Najua ulishangilia Mei walipomfutia marufuku ya besiboli yeye na Shoeless Joe Jackson, yule mchezaji wa zamani, kwa hoja kwamba adhabu ya maisha inaisha na maisha. Rose alikufa Septemba mwaka jana, na kamati inayohusika haikai mpaka Desemba 2027. Hiti 4,256 hazina ubishi. Lakini mtu akishaweka dau kwenye mechi za timu anayoifundisha mwenyewe... basi, nimesema sitaki.

Ninalokuomba ni hili. Mzee Curtis atafanyiwa upasuaji wa goti mwezi ujao na hana raha. Watoto wake wako mbali, na nikienda peke yangu tunaishia kunung'unika wote wawili. Mrekodie sauti, dakika mbili tatu, kwa kile Kiingereza chako cha bandarini anachokipenda. Mbishie. Mwambie Kent anastahili, mwambie Bonds ndiye mpigaji bora kuliko wote waliowahi kushika gongo, mwambie chochote kitakachompandisha mori. Ukimwonea huruma atajua, na hatakusamehe. Nitumie mimi, nitamchezea kwenye simu yangu, yake ile ya kubonyeza haiwezi.

Kamati ya zama za akina Lou itakaa tena Desemba 2028. Whitaker atakuwa na miaka 71. Ya Curtis siitaji. Kuna watu waliopata heshima hii wakiwa kaburini, Buck O'Neil, Dick Allen, na Dave Parker aliyekufa mwezi mmoja tu kabla ya sherehe yake mwaka huu. Sipendi kabisa huo mtindo wa kungoja.

Haya, nijibu. Wewe kura yako ungempa nani, kwa haki ya Mungu, bila kutaka kunikera? Ungepiga kwa WAR au kwa macho? Na ukiambiwa umwingize mmoja tu kati ya Lou na Bonds? Yusufu alikwisha kuja kuchukua zile nyavu? Mama bado anauliza lini nitakuja, au kachoka kuuliza? Lile deni la Mzee Salehe tulimalize vipi? Na ile kofia yangu ya Tigers yenye D, uliyoondoka nayo ukasema umeichanganya na zako, unaivaa au umempa mtu? Kama umempa Rashidi usiniambie.

Nisalimie wote, na Mwanaidi mwambie kitenge kimefika. Sauti ya Curtis usiicheleweshe zaidi ya mwisho wa mwezi huu.

Wako,
Hamisi