Barua kwa Mama Pacha: mpimie sakafu, si galoni

Sakina, Arusha
Julai

Mpendwa Mama Pacha,

Salamu kwako, kwa Baba Pacha na kwa hao wawili wasiotulia. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwezi huu inatulaza na soksi. Najua huko Moshi mnatucheka.

Nimecheka na mimi niliposoma kwamba mama mkwe ameapa hatakanyaga nyumba inayofuga mjusi. Mwambie huyu geko chui (leopard gecko) wenu hapandi dari wala hamwangukii mtu kwenye chai, nitakueleza kwa nini. Ila kwanza nijibu ulichouliza, boksi la kumfugia liwe na ukubwa gani, maana unasema fundi ana msumeno mkononi na anasubiri vipimo. Yule mgeni anayeondoka na kuwaachia mjusi anakwambia boksi la galoni 10 linatosha. Fundi anasema liwe dogo ili lishike joto. Wewe unaogopa kubwa litamtisha mnyama. Mimi nasema urefu sentimita 120, upana 60, kimo 45. Ukibanwa kabisa na nafasi, 90 kwa 45 kwa 45, na hapo usishuke tena.

Hizo galoni ni mambo ya Marekani. Maboksi mengi ya kioo kule yalianza kama matangi ya samaki, na tangi la samaki huuzwa kwa maji linayobeba. Galoni 10 ni kama lita 38, yaani boksi la sentimita 50 kwa 25 hivi. Sasa chukua rula: geko chui aliyekomaa ana sentimita 20 hadi 25 kutoka pua hadi ncha ya mkia. Kwenye boksi hilo akisimama kukatiza upana, pua iko kwenye kioo hiki na mkia unagusa kile. Tena galoni hazikwambii umbo. Kuna tangi la galoni 20 lililosimama, lina sakafu ya 60 kwa 30, na kuna la galoni 20 lililolala, sakafu yake 76 kwa 30. Maji ni yale yale, lakini lililolala lina sakafu kubwa kwa zaidi ya robo. Samaki anaitumia hiyo nafasi ya juu. Mjusi huyu haitumii.

Na hapa ndipo mama mkwe atulie. Mjusi kafiri wa ukutani ana vidole vyenye vikunyanzi vidogo vinavyonasa hata kwenye kioo, ndiyo maana anatembea darini kichwa chini. Geko chui hana vidole hivyo, ana kucha tu. Kwao ni Afghanistani, Pakistani na kaskazini magharibi mwa India, nchi kavu zenye mawe, na anaishi chini, kwenye nyufa na mashimo. Hata kope anazo, anafumba macho akilala, kitu ambacho mjusi kafiri hawezi. Kwa hiyo anaweza kuparamia jiwe au kigogo, na ni vizuri umwekee, lakini kioo kilichosimama kinamshinda. Kimo cha 45 ni kwa ajili ya balbu iwe mbali naye kidogo na upate pa kupanga mawe. Zaidi ya hapo ni kulipia hewa.

Nije kwenye hoja ya fundi, maana hakusema upuuzi. Ni kweli boksi dogo linapata joto haraka. Tatizo ni kwamba linapata joto lote. Mjusi hatengenezi joto mwilini kama mimi na wewe, analifuata lilipo. Akishakula anataka sakafu yenye nyuzi 32 hadi 34 alalie tumbo, chakula kisagike. Akitosheka anataka aondoke aende kwenye nyuzi 24 hivi. Lazima pawe na pa kwenda. Ndani ya sentimita 50, balbu ikiwa kona hii, kona ile nayo inachemka. Ukipunguza balbu, kote kunapoa, naye chakula kinamkalia tumboni. Kwenye sentimita 90 hali mbili zinaanza kuonekana. Kwenye 120 unaweza kugusa kwa mkono ukazitofautisha.

Sisi wa huku mlimani tunaliona jambo hili kwa namna mbili. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai usiku mimi ninahangaika na upande wa joto. Ninyi mko chini ya 1,000. Kwako kazi itakuja Januari na Februari, pale sebule yenyewe inapofika nyuzi 30 kabla hujawasha chochote. Hapo boksi dogo halina upande wa baridi hata kidogo, na mjusi aliyepitiliza joto anakufa upesi kuliko aliyepata baridi ya usiku mmoja. Kwa hiyo liweke chumba kisichopigwa na jua la mchana, na kamwe lisikae dirishani. Jua likipita kwenye kioo, boksi linageuka oveni.

Themostati, kile kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe, ni lazima, usikubali mtu akwambie utakuwa unawasha na kuzima kwa mkono. Kihisio chake kikae pale sakafuni chini ya balbu, na kipimajoto kingine upande wa pili. Umeme ukikatika usiku usipanike: mkubwa mwenye afya anavumilia kushuka hadi nyuzi 18 hivi, na boksi kubwa la mbao lenye vigae ndani linapoa polepole. Ukikatika siku nzima wakati wa baridi, jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kanga, uiegemeze ubavuni mwa boksi kwa nje. Jiko la mkaa usiliingize chumba hicho, kwa ajili ya mjusi na kwa ajili yenu.

Nimesema mbao. Umeniuliza kama kioo pande zote si kizuri zaidi. Kwa macho ndiyo, lakini kioo kinapoteza joto na kinakula hela. Mwambie fundi anunue plaiwudi moja, ile ya futi 4 kwa 8, unene milimita 12. Upana wake ni sentimita 122, yaani urefu wa boksi letu unaingia pale pale bila kubaki. Akate vipande kufuata ule urefu wa 244: sakafu 60, mgongo 45, kisha kipande kingine cha 45 akigawe katikati zipatikane mbavu mbili za 60, halafu mfuniko 60. Jumla 210. Kinachobaki ni cha rafu. Sasa mwambie apige hesabu ya boksi la 90 kwa ubao huo huo: ataona plaiwudi ni ile ile moja, ila anatupa mapande. Utakachoongeza ni kioo cha mbele tu. Kiwe viwili vya kusukuma pembeni, kama vya kabati la vyombo, viwe na mdomo wa mbao wa sentimita 8 hivi kwa chini ili uchafu usimwagike kwenye reli. Kwenye mfuniko akate dirisha na kuliziba kwa wavu wa chuma, si ule wa plastiki wa madirishani, maana balbu itauyeyusha. Viungo vya ndani avizibe kwa silikoni, kisha likae wazi mpaka harufu ya silikoni na vanishi iishe kabisa ndipo mjusi aingie.

Kuhusu kumtisha. Maneno haya yamezagaa kweli, kwamba mjusi akiwekwa pakubwa anaacha kula kwa hofu. Kinachomtisha ni uwanja mtupu. Boksi la 120 lenye bakuli moja la maji katikati, hata mimi ningejikunyata. Mpe maficho matatu: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na la tatu la unyevu liwe katikati. Mawili ya kwanza usinunue. Chungu kilichopasuka nusu kwa nusu, kikiwa kimelazwa, ni nyumba tosha, ila hakikisha kingo zimesuguliwa. La unyevu ni kopo la plastiki lenye mfuniko, toboa mlango ubavuni, ndani weka karatasi laini iliyoloa. Hilo anaingia wakati wa kujivua ngozi. Asipolipata, ngozi inang'ang'ania vidoleni, inakaza kama uzi, na vidole vinakatika. Baada ya hapo jaza nafasi: mawe yaliyokaa imara chini kabla ya kitu kingine, gome la mti, kigogo. Mjusi awe anaweza kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuonekana. Ukifanya hivyo hutasikia habari ya hofu. Wangu, ikifika saa moja jioni anatoka chungu cha kwanza, anapita nyuma ya mawe mpaka mwisho wa boksi, anaramba kigae, anarudi. Anafanya hivyo usiku kucha. Aliyesema hawa ni wavivu wanaotosheka na pa kulala tu aliwatazama saa sita mchana.

Mchanga wa mtoni achana nao. Akidaka mdudu anameza na mchanga, unaweza kumkwama tumboni. Vigae vilivyobaki mlipojenga vinatosha, na vinabeba joto vizuri.

Huyo wenu bado mdogo, unasema urefu wa kalamu ya risasi. Usimtengenezee boksi la utoto kisha lingine la ukubwani. Weka ubao wa kugawa ndani ya hilo kubwa, mwache nusu yenye joto kwa miezi ya kwanza ili wadudu wasimpotee, halafu sogeza ubao kidogo kidogo. Mwaka mmoja na nusu atakuwa amemaliza kukua. Na ujue unachopokea: wakitunzwa wanaishi miaka 15 hadi 20. Pacha wako darasa la tatu leo. Watamaliza chuo, mjusi bado yupo, na atakayekuwa anampa nyenje ni wewe.

Sasa hili la kila mmoja kuwa na wake. Naelewa ugomvi wa nyumbani kwako, lakini jibu ni kwamba wawili hawakai boksi moja hata liwe la mita mbili. Madume yanapigana mpaka kuumizana vibaya. Dume na jike, atamsumbua bila kupumzika. Majike mawili unaweza kuyaona yamelala pamoja ukadhani ni mapenzi, kumbe kila mmoja anataka ile kona ya joto, na mwenye nguvu anamzuia mwenzake asile. Mikia inang'atwa, na mkia ndio ghala lake la mafuta. Ukiota tena hauwi ule wa kwanza. Wakitaka wawili ni maboksi mawili, balbu mbili, themostati mbili. Waambie mmoja awe mwenye mjusi, mwingine mwenye nyenje. Hao nyenje nao wanahitaji kulishwa na kupakwa unga wa kalsiamu kabla ya kutumika, hakuna atakayekosa kazi.

Kabla hujampokea, mwombe huyo mgeni karatasi za vibali alivyomwingizia nchini, akupe mkononi, usiridhike na ahadi ya kutuma. Na wote nyumbani wajue kwamba mkichoka naye hatupwi bustanini. Si wa huku.

Jambo la mwisho, ambalo watu wa Ulaya hawaliandiki kwa sababu hawalijui: siafu. Ninyi mna migomba nyuma ya nyumba, mvua za masika zikinyesha wataingia. Mjusi aliye kwenye boksi hana pa kwenda. Boksi lisikae sakafuni. Lipate meza yake, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, na meza isiguse ukuta wala pazia. Waya wa umeme ndio daraja wanalolisahau wengi, kwa hiyo uupake mafuta mazito ya gari mahali unapotoka ukutani. Na dawa ya mbu ya kupuliza isitumike chumba hicho, wala mende na nzi mliowapulizia wasimfikie.

Nitumie upana wa ule ukuta wa korido litakapokaa boksi kabla ya Jumamosi. Ukifika sentimita 130 meza inaingia, na mlango wa chumba cha pacha utafunguka. Shemeji yangu anashuka Moshi Jumapili, nitampa ile themostati yangu ya akiba na vipimajoto viwili akuletee. Vigae vyenu vikipungua, usinunue mpaka aondoke huko. Amesema atapitia kwa jamaa anayemalizia kujenga kule mtaa wa Pasua, huenda akakuokotea vya bure.

Msalimie sana mama mkwe.

Mwenzio,
Shangazi yao wa Sakina