Pampu ya joto haikosi joto la kuvuta kwenye baridi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako makala iliyowashauri Watanzania wanaohamia nchi za baridi wanunue hita za umeme za kuchomeka ukutani, kwa hoja kwamba ni za bei nafuu na kwamba pampu ya joto, yaani mashine ya kuvuta joto la nje na kuliingiza ndani, haina joto la kuvuta pale hewa ya nje inapokuwa chini ya nyuzi sifuri. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Mtwara, ambako baridi yetu kubwa ni upepo wa kusi wa mwezi wa saba, na sitashangaa msomaji akicheka kuona fundi wa pwani akijadili theluji. Hata hivyo, mashine inayosingiziwa katika makala hiyo ndiyo ninayoifungua kila siku.

Ukipita nyuma ya nyumba yenye kiyoyozi pale Shangani saa nane mchana, weka mkono mbele ya feni ya mashine ya nje. Hewa inayotoka hapo ni ya moto kupita hewa ya mtaani, na wakati wa masika nimemkuta mama mmoja ameanika nguo za mtoto mbele yake. Sehemu kubwa ya joto hilo imetolewa chumbani, kwani gesi iliyomo kwenye mabomba hunyonya joto inapochemka, kisha hulitoa baada ya kubanwa na kompresa. Pampu ya joto ni mashine hiyohiyo, isipokuwa ina vali ya kugeuza mzunguko, ili joto lichukuliwe nje na kuingizwa ndani. Gesi ya R32, inayotumika katika viyoyozi vingi vipya, huchemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri katika shinikizo la kawaida la hewa, kwa hiyo kwake hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri bado ina joto la kutosha kuvutwa.

Suala la gharama ninalifahamu kupitia kwa binti wa dada yangu anayeishi Ufini, na kwa sisi Wamakonde mjomba akiulizwa hana ruhusa ya kukaa kimya. Alipokuwa kwenye fleti hakuwa na la kuuliza, kwa sababu katika miji ya huko majengo mengi hupashwa kwa maji ya moto yanayosambazwa kwa mabomba ya mji. Alipohamia nyumba ya peke yake yenye hita za umeme ndipo aliponitumia bili. Hita ikila uniti moja ya umeme hutoa joto la uniti moja, haizidi hapo hata ikiwa ya bei gani, ilhali pampu ya joto hutoa uniti tatu au zaidi katika baridi ya wastani. Baridi ikizidi, kiasi hicho hushuka hadi karibu mbili, na mashine isiyotengenezwa kwa baridi kali huweza kushuka zaidi ya hapo.

Sisemi pampu ya joto inafaa kila mahali. Uingereza, ambako nyumba nyingi hutumia gesi ya bomba na uniti ya umeme hugharimu takribani mara nne ya uniti ya gesi, mwenye boila mpya (mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto) inayogeuza zaidi ya asilimia 90 ya gesi kuwa joto anaweza asione nafuu yoyote katika bili. Vilevile nyumba inayovuja hewa madirishani na darini izibwe kwanza, la sivyo mtu atanunua mashine kubwa kuliko mahitaji yake.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni ufungaji. Koili ya nje, yaani mabomba yaliyokunjwa ya kuvuta joto hewani, huganda barafu, na kila baada ya muda mashine hugeuza mzunguko kwa dakika chache ili iyeyuke. Mpwa wangu huyo wa Ufini aliponipigia picha ya pampu ya joto aliyofungiwa baadaye, niliona mashine ya nje imekaa karibu na ardhi, maji ya kuyeyuka yameganda chini yake hadi kugusa feni. Nilimwambia aite fundi aiinue juu ya kina cha theluji na kuacha njia ya maji.

Naomba mwandishi wako, akirudia mada hii, alinganishe mashine kwa joto zinalotoa kwa kila uniti katika msimu mzima wa baridi, pamoja na bei ya dukani.

Wako,
Fundi wa viyoyozi,
Mtwara Mikindani