YAH: KUKATALIWA MADAI YA MATIBABU YA MWANANGU KWA MSIMBO USIO WAKE

Meneja, Kitengo cha Madai,
Kampuni ya Bima ya Afya,
Dar es Salaam.

Mwanga, Kigoma
3 Machi 2025

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Januari alipewa rufaa kutoka huku Kigoma, tumbo limevimba upande wa kulia. Dar es Salaam wakamchukua kinyama cha ini, na majibu yakasema hepatoblastoma, aina ya saratani ya ini ya watoto. Daktari akajaza C22.2, msimbo wa ugonjwa huo, kwenye fomu ya madai. Nakala ninayo, muhuri unasomeka.

Barua yenu ya kukataa imeandika C22.0. Hiyo ni saratani ya seli za ini, ambayo huwapata zaidi watu wazima, mara nyingi baada ya homa ya ini B kukaa mwilini miaka mingi. Ndiyo maana mkaniuliza mtoto aliugua homa ya ini lini, na kwa nini nilificha nilipomsajili. Sikuficha kitu. Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hiyo miaka mingi ameitoa wapi? Homa ya ini B alipimwa, hana, na karatasi ya kipimo mlitumiwa pamoja na fomu. Hepatoblastoma ni uvimbe wa watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka mitatu, unaoota kwenye seli changa za ini.

Nilipopiga simu nikaambiwa nirudi hospitali wakarekebishe. Nilipanda treni nikaenda. Dirishani wakanifungulia fomu ileile: C22.2. Kwa hiyo tarakimu imebadilika kwenu, mikononi mwa aliyeingiza taarifa kwenye kompyuta, na hakuna aliyesoma majibu ya maabara yaliyobanwa nyuma yake.

Mtoto anatakiwa kupata dripu ya cisplatin, dawa ya saratani, kila baada ya wiki mbili, uvimbe usinyae ndipo afanyiwe upasuaji. Dozi ya kwanza tuliilipia wenyewe. Baba yake aliuza mtumbwi na nyavu zake. Ya pili imepita bila kutolewa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha.

Naomba mrudishe C22.2, faili lisomwe na daktari anayejua saratani za watoto, na kibali kitolewe kabla ya tarehe 10 mwezi huu. Kikikosekana, nakala ya barua hii na viambatisho vyote vitakwenda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Mama wa mtoto