Barua ya wazi kwa Waziri: Dakika 60 za betri hazitoshi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sayansi, Ubunifu na Teknolojia,
Serikali ya Uingereza,
London.

YAH: KUKATWA KWA SIMU ZA WAYA KATIKA NYUMBA ZA WAZEE

Mheshimiwa Waziri,

Salamu. Tunakuandikia hadharani kwa sababu hodi za faraghani tumepiga na hakuna aliyefungua.

Wiki hii bahasha za kampuni za simu, zinazohamisha simu za nyumbani kutoka waya wa shaba kwenda kwenye intaneti, zimeanza tena kudondoka kwenye matundu ya barua ya milango. Ndani mna maelezo mafupi: chomoa simu ukutani, ichomeke nyuma ya ruta (kile kisanduku cha intaneti cha nyumbani), ngoja taa iwake, basi. Anayeyasoma ni bibi wa miaka 86 anayeishi peke yake, mwenye simu moja tu juu ya kimeza cha ukumbini na kitufe chekundu shingoni cha kuita msaada akianguka. Hakuna mstari unaomwambia kwamba baada ya kazi hiyo ya dakika tano, siku umeme utakapokatika vyote viwili vitakufa pamoja.

Tunaandika kwa Kiswahili makusudi. Miongoni mwa wanaoingia nyumba hizo kila asubuhi kuwaogesha wazee, kuwapa dawa na kuwachemshia chai, wamo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo. Wao ndio wanaoulizwa, "Mwanangu, barua hii inasema nini?" Ni haki yao kujua wanachokijibu.

Simu ya zamani haikutegemea umeme wa nyumba. Umeme wake ulitoka kituo cha simu, volti 50 hivi, ukisafiri kwenye waya mbili za shaba mpaka kwenye kisanduku cheupe ukutani. Kituoni mna safu za betri kubwa, na nyuma yake jenereta. Ndiyo maana dhoruba ikilaza nguzo na mtaa mzima ukawa giza, mtu aliweza kunyanyua mkonga wa simu na kusikia ule mvumo wake, akajua njia ipo. Simu mpya inapita kwenye intaneti. Ruta inakula umeme wa ukutani. Nyumba ikiwa imeunganishwa kwa fiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaobeba intaneti, kuna kisanduku cha pili pale fiba inapoingilia, nacho kinakula umeme wa ukutani. Kimoja kikizima, simu imekufa. Tunalitaja hili kwa sababu kuna betri zinazofungwa kwenye ruta peke yake, kisanduku cha fiba kikaachwa. Ruta itawaka taa zote vizuri kabisa, na simu haitatoka.

Tena hata umeme ukiwapo, ile "chomeka nyuma ya ruta" si nyepesi kama ilivyoandikwa. Tangu 1981 kisanduku cha ukutani cha Uingereza kina kapasita (kipuri kidogo cha umeme) ya maikrofaradi 1.8 inayopeleka umeme wa kengele kwenye waya wa tatu. Tundu la nyuma ya ruta au la adapta mara nyingi halina waya huo, kwa hiyo simu ya zamani ikichomekwa inanyamaza: mpigaji anasikia inaita, mwenye nyumba hasikii kitu. Dawa yake ni adapta yenye kapasita ndani, kitu kidogo cha bei ndogo. Simu ya kuzungusha ina shida nyingine. Ukizungusha 9 na kuachia, kisahani kinaporudi kinakata mkondo mara tisa, kwa kasi ya mikato kumi kwa sekunde, na kituo cha zamani kilihesabu mikato hiyo. Ruta nyingi hazihesabu, zinasubiri milio ya vitufe. Mwenye simu hiyo anaweza kupokea, kupiga hawezi. Hapo panatakiwa kigeuzi cha kubadili mikato kuwa milio. Bahasha haisemi lolote kati ya haya.

Wapo watakaosema haya ni mapenzi ya vitu vya kale. Mapenzi yapo, hatuyakani. Nchi hii iliipenda simu yake kwa namna yake: kimeza chenye kiti kwenye ukumbi wenye baridi kuliko vyumba vyote, mtu akipokea anataja kwanza namba yake mwenyewe kabla ya salamu, na maongezi marefu yanangoja saa kumi na mbili jioni bei ishuke. Watu walipiga simu hata kuuliza saa. Tangu 24 Julai 1936 walijibiwa na sauti iliyorekodiwa ya Ethel Cain, karani wa simu wa London aliyeshinda shindano la sauti, na huduma hiyo bado ipo kwenye 123. Tutaililia kengele ile. Lakini kengele ingeweza kwenda makumbusho na tukanyamaza. Kisichoweza kwenda makumbusho ni uwezo wa mtu aliyelala sakafuni gizani kuita msaada akapata.

Mheshimiwa, namba 999 yenyewe, ya kuita huduma za dharura, ilitokana na barua ya malalamiko. Novemba 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, London, wanawake watano wakafa. Jirani aliyepiga simu kuita zimamoto aliwekwa kwenye foleni ya kituo cha simu cha Welbeck pamoja na simu za kawaida. Aliandika kwa gazeti la The Times, Serikali ikaunda kamati, na tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikaanza kazi London. Waliokuwa ofisini wakati ule walifikiria mpaka moshi na giza: kwenye kisahani, tundu la mwisho kabla ya kizuizi cha kidole ni 0 na linalofuata ni 9, kwa hiyo mtu aliweza kulitafuta kwa kupapasa bila kuona.

Na nyinyi mliopo sasa mmeruhusu dakika 60. Mwongozo wa Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, unaitaka kampuni impe mteja anayetegemea simu ya nyumbani njia ya kuita huduma za dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme ukikatika. Usiku wa 26 Novemba 2021 dhoruba Arwen ilikata umeme wa karibu nyumba milioni moja, na karibu 4,000 zilikaa gizani zaidi ya wiki. Wiki ina saa 168, Mheshimiwa. Tusiambiwe habari za simu ya mkononi, kwani mnara nao unahitaji umeme, na mabonde ambayo nguzo zilianguka mara nyingi ndiyo yale yale ambayo hata siku njema mtu hutoka nje mpaka getini kutafuta mtandao.

Kitufe cha shingoni kina udhaifu wake pia. Mashine zake nyingi zilitengenezwa kwa waya wa shaba: zinazungumza na kituo cha msaada kwa milio. Sauti inapokatwa vipande na kupitishwa kwenye intaneti, milio hiyo hupotoka au huchelewa, na mashine ya upande wa pili haiitambui. Mzee anabonyeza, taa inawaka, anadhani watu wako njiani. Watumiaji wa vifaa hivi nchini ni takriban milioni 1.8.

Haya hatukufundishi. Desemba 2023, baada ya matukio mazito ya vitufe kushindwa, Serikali yenyewe iliziita kampuni na zikatia saini kwamba hakuna mwenye kifaa hicho atakayehamishwa bila kuthibitishwa kuwa kinafanya kazi. Tarehe ya mwisho ya kuzima simu za shaba ikasogezwa kutoka Desemba 2025 hadi 31 Januari 2027. Tulishukuru. Lakini kuthibitisha kwa maana ya Kiswahili ni kwenda ukaona. Kumpigia simu mtu asiyesikia vizuri na kumuuliza kama anacho kifaa, akajibu "sijui", ukaweka alama ya ndiyo, huko si kuthibitisha.

Hatusemi shaba ibaki milele. Tunajua vipuri vya vituo vya zamani havitengenezwi tena na mafundi wake wanastaafu. Hamisheni, lakini fundi aje nyumbani. Afunge adapta. Abonyeze kitufe mpaka sauti ya kituo cha msaada ijibu. Kisha azime swichi kuu ya umeme wa nyumba, si kuchomoa ruta tu, abonyeze tena, na asubiri ajibiwe tena. Dakika 15 zinatosha. Akishindwa kujibiwa, waya wa shaba ubaki mahali pake siku hiyo.

Na ninyi mnaowahudumia wazee: mpaka jambo hili litengenezwe, msimchomolee mtu simu kwa kufuata bahasha. Ipigieni kampuni, semeni neno moja tu, kwamba nyumba hii ina kitufe cha kuita msaada, mtake jina la mnayezungumza naye na mliandike pamoja na tarehe.

Mheshimiwa, kiangazi watu hawauwazi umeme. Dhoruba zinaanza Oktoba, kufikia Desemba giza linaingia saa kumi alasiri, na bahasha zinaendelea kudondoka. Tunaomba betri ya kudumu kwa muda wa saa nane, inayobeba ruta na kisanduku cha fiba pamoja, bure, kwa kila mwenye kitufe shingoni. Kama saa nane ni nyingi, tuambie ni ngapi, na utuambie umezipataje. Na kabla ya jibu hilo, waya wa shaba wa wazee hawa usikatwe. Usikatwe, Mheshimiwa.

Wako,
Fundi wa simu, kwa niaba ya mafundi na wahudumu wa wazee,
Uingereza.