Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari ya Cipla na Kidonge cha Tatu kwa Moja

Ndugu wanachama,

Somo letu kuu mwaka huu lilikuwa Cipla ya India, kiwanda ambacho dawa zake karibu kila mfamasia wa ukanda huu amewahi kuzigawa.

Khwaja Abdul Hamied aliianzisha Bombay mwaka 1935. Lakini kilichoikuza hasa ni sheria ya hataza (haki ya kipekee ya mvumbuzi) ya 1970, iliyoanza kutumika 1972. Kwa upande wa dawa, India ililinda njia ya kutengenezea tu, si dawa yenyewe. Mkemia akigundua njia nyingine ya kuipata molekuli ileile, kiwanda chake kiliitengeneza kihalali.

Triomune ya 2001, kidonge cha VVU chenye dawa tatu, ilizaliwa chini ya sheria hiyo. Stavudini, lamivudini na nevirapini zilikuwa mikononi mwa kampuni tatu tofauti za Magharibi, na hakuna iliyoweza kuzibana pamoja bila ruhusa ya wenzake. Cipla iliweza. Februari mwaka huo Yusuf Hamied, mwana wa mwanzilishi, aliwapa Médecins Sans Frontières, shirika la madaktari wa misaada, bei ya dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Kwingine tiba hiyo ilifika dola 10,000 na zaidi. Bei ndiyo husifiwa. Mimi naona kidonge chenyewe kilistahili sifa sawa: anayemeza vyote vitatu kwa pamoja hawezi kuruka kimoja na kukaribisha usugu wa virusi kwa dawa.

Hakikukosa kasoro. Nevirapini huanza na miligramu 200 mara moja kwa siku, kwa wiki mbili, kupunguza hatari ya vipele na madhara ya ini. Triomune ilimezwa asubuhi na jioni, kwa hiyo dozi ya jioni ya siku hizo ilitakiwa iwe stavudini na lamivudini pekee, na ghala lililoagiza Triomune peke yake lilikwama hapo. Rifampisini ya kifua kikuu nayo hushusha nevirapini mwilini. Stavudini ilileta ganzi miguuni na kukonda mashavu. Mwaka 2007 WHO ikashauri miligramu 30 za stavudini kwa wote, hata wenye kilo 60 na zaidi.

Mwaka 2005 India ilirudisha hataza za dawa zenyewe, kwa masharti ya Shirika la Biashara Duniani (WTO). Ndiyo sababu dolutegraviri, dawa mpya zaidi ya VVU, ya viwanda vya huko hutengenezwa kwa leseni ya mwenye hataza.

Kiwanda cha Luzira, Kampala, kilichojengwa kwa ubia na Cipla, kilifunguliwa 2007. Cipla iliuza hisa zake 2023.

Kamati inapendekeza mwaka ujao tuzisome leseni za dolutegraviri kifungu kwa kifungu, tukianza na orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuuziwa.